Siku Tatu za Mguu wa Kulwa

Kulwa aliumizwa na plau siku ya pili ya kulima shamba la pamba, kwao karibu na Bunda. Mumewe, Isaya, alikuwa mbele anaongoza ng'ombe, yeye Kulwa nyuma ameshika mipini. Ng'ombe wa kushoto aliona nyoka akaruka pembeni, plau ikachomoka ardhini, ikageuka na kumchana muundi wa mguu wa kulia mpaka mfupa ukaonekana.

Isaya alimfunga kwa khanga akamkimbiza kijijini. Kwenye duka la dawa waliuziwa vidonge vya rangi mbili. Nusu alivimeza, nusu wakavifungua wakamwaga unga wake juu ya kidonda, kama wanavyofanya watu wengi huko. Wiki ya kwanza kilikauka juu. Wiki ya pili mguu ulivimba, ukawa na joto, na ngozi ikapasuka yenyewe. Zahanati wakampa sindano za siku tano. Wiki ya tatu Isaya alimpakia kwenye gari la mazao akampeleka hospitali ya misheni mjini Musoma.

Hospitalini alilazwa kitanda cha nne, wodi ya wanawake. Alichomwa sindano asubuhi na jioni, kidonda kikasafishwa kila siku, na homa ikashuka siku mbili kisha ikapanda tena. Wakabadilisha sindano. Ikawa vilevile. Siku ya kumi na tisa, Jumatatu, homa ilisoma thelathini na tisa na nusu, na usaha uliotoka kwenye bandeji ulikuwa na rangi ya kijani na harufu tamu ya ajabu, kama matunda yaliyoanza kuoza.

Daktari Alfonsi, bingwa wa upasuaji, alisimama mbele ya kitanda hicho kwa muda mrefu kuliko vitanda vingine.

"Mama, Alhamisi tutaukata," alisema. "Juu ya goti."

Isaya aliinama akashika reli ya kitanda. Kulwa hakuinama.

"Mguu ni wangu, daktari. Umesema tutaukata kama vile tumeshaongea."

"Ndiyo maana nimekuambia leo. Nina siku tatu za kukuelewesha." Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuzoea kulifanya kwenye raundi. "Mwaka jana nilimsubiria mzee mmoja wa Bugwema, mguu kama huu. Watoto wake walinibembeleza, nikampa siku nne zaidi. Wadudu wakaingia kwenye damu, akafa. Sitaki kukusubiria wewe namna hiyo. Nataka urudi nyumbani."

"Na mguu mmoja."

"Na mguu mmoja, ukiwa hai."

Kulwa alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto wanne. Aligeuza uso ukutani. Karatasi ya ridhaa iliachwa juu ya kabati dogo la kitanda, haina saini.

Sista Jeska, muuguzi mkuu wa wodi, ndiye aliyeshuka maabara mchana ule na chupa za damu za wagonjwa wengine. Alipozikabidhi hakuondoka. Akamwambia Wankyo habari ya kitanda cha nne.

Wankyo alikuwa mtaalamu wa maabara wa hospitali ile kwa miaka sita. Mwaka uliopita alikwenda Mwanza akasomea kuotesha bakteria na kupima ni dawa gani inawaua, na aliporudi aliomba chumba kidogo kilichokuwa stoo ya makaratasi. Humo aliweka meza, jokofu, na inkubeta moja, lile kabati la umeme linalotunza joto kama la mwili wa mtu. Damu ya kutengenezea chakula cha bakteria alikuwa akiitoa kwa kondoo wa mama yake kule Butiama, kila Jumamosi ya pili. Alichoma sindano kwenye mshipa wa shingo, akajaza chupa yenye shanga za kioo, na kuitikisa mpaka damu isigande. Mama yake, Ghati, alimshika kondoo na kuwaambia majirani kwamba katika ukoo wao wawili tu ndio wameajiriwa hospitali, na mmoja anakula majani.

Miezi minane ilikuwa imepita na chumba kile kilikuwa hakijapendwa na mtu. Kupima mkojo au malaria jibu hutoka saa ileile. Kuotesha huchukua siku mbili, tatu. Madaktari walikuwa na wodi zimejaa, wakaona afadhali waandike sindano inayojulikana.

"Kitanda cha nne nakijua," Wankyo alimwambia Jeska. "Sampuli yake ilikuja wiki iliyopita. Nilirudisha jibu kwamba haifai, wachukue nyingine. Hawakuchukua."

"Haifai kwa nini?"

"Walipangusa bandeji. Juu ya kidonda cha wiki tano kuna kila mdudu wa wodini. Ziliota aina nne. Ningeandika moja ningekuwa nabahatisha."

Jeska alimtazama. "Alhamisi saa tatu asubuhi wanamkata. Leo Jumatatu, saa saba. Inatosha?"

Wankyo alihesabu kimoyomoyo. Leo kupanda. Kesho wadudu wameota, kesho hiyohiyo kuwawekea dawa. Keshokutwa asubuhi kusoma. "Inatosha," alisema, "kama sampuli itatoka ndani ya nyama. Na kama hakuna kitakachoharibika."

Alivua koti la maabara, akavaa lingine safi, akapanda wodini. Alimkuta Daktari Alfonsi anaandika kwenye mafaili.

"Daktari, naomba kipande cha nyama ya kidonda cha kitanda cha nne. Kidonda kisafishwe vizuri kwanza, kisha ukate chini kabisa, karibu na mfupa. Kidogo tu, kama punje ya hindi."

"Maabara yako ilishatuambia haijui."

"Ilisema sampuli ni mbovu. Siyo kitu kimoja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na jibu likija Ijumaa? Nimuahirishe?"

"Litakuja Jumatano asubuhi. Lisipokuja, sitakuja kukuomba siku nyingine. Utaendelea na kazi yako."

Daktari alimtazama kana kwamba anatafuta mahali pa kukataa. Hatimaye akasema, "Nilikuwa nimsafishe leo hata hivyo. Saa nane thieta. Njoo na chupa yako."

Saa nane na robo Wankyo alisimama mlangoni mwa thieta akapokea kichupa chenye kipande cha nyama cha rangi ya kijivu. Alikibeba mkononi mpaka chumba chake. Alikisaga, akakipaka juu ya sahani nyekundu ya damu ya kondoo, akachora mistari kwa kitanzi cha waya, akaifunga na kuiweka kwenye inkubeta. Kabla ya kwenda nyumbani alipita wodini.

Kulwa alikuwa ameamka kutoka kwenye nusu kaputi, midomo imekauka. "Wewe ndiye wa maabara?" aliuliza. "Sista ameniambia. Unatafuta nini kwenye nyama yangu?"

"Wanaokula mguu wako. Nataka kujua ni nani, na wanaogopa dawa gani."

"Si nimechomwa dawa siku kumi na tisa?"

"Dada, kwenye pamba mnapigaga dawa ya funza?"

"Kila msimu."

"Na hawajawahi kuwazoea?"

Kulwa alifikiri. "Miaka mitatu nyuma. Tulipiga, tukarudia, tukazidisha. Funza wakawa wanatembea juu ya dawa kama wanaoga. Bwana shamba akaja akasema hii wameshaizoea, badilisheni. Akatuletea nyingine."

"Na wa kwako huenda ni hivyohivyo. Mimi ndiye bwana shamba."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Kulwa aliachia tabasamu, la upande mmoja. "Basi harakisha. Hiyo karatasi pale sijaisaini, lakini nikiona watoto wangu kichwani, mkono unataka kuisaini."

Jumanne saa mbili Wankyo alifungua inkubeta. Safari hii aina ilikuwa moja tu. Sahani nzima ilikuwa na madoa bapa yenye kingo zilizochakaa na mng'aro kama wa bati. Alipoinua kifuniko, ile harufu tamu ya kitanda cha nne ilimfikia puani. Alichukua doa moja akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi, akalitazama kwa hadubini: vijiti vyembamba vyekundu. Akapaka doa jingine kwenye karatasi ya kipimo, ikageuka zambarau kabla hajamaliza kuhesabu hadi kumi. Alijua sasa anashughulika na nani. Pseudomonas. Mdudu wa majini na mahali penye unyevu, ambaye kwa asili yake hajali kabisa ile sindano ya kwanza aliyochomwa Kulwa kwa siku kumi na mbili.

Ya pili je? Na zilizobaki? Hilo halikuwa la kukisia. Alichanganya wadudu na maji ya chumvi mpaka maji yakawa na ukungu wa kiwango kinachotakiwa, akachovya pamba, akawapaka sawasawa juu ya sahani mbili za njano. Kisha kwa koleo alipanga juu yake vipande vya karatasi vya duara, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Vinne sahani hii, vinne ile. Dawa inayowashinda wadudu ingeacha duara safi kukizunguka kipande chake. Isiyowashinda, wadudu wangeota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Sahani ya tatu aliipaka wadudu anaowajua, wa kulinganishia. Alizifunga zote, akazigeuza, akaziingiza kwenye inkubeta. Ilikuwa saa nne na nusu.

Saa tano na dakika kumi umeme ulikatika mji mzima.

Jenereta la hospitali liliwaka, lakini lilikuwa la zamani, na waya wake ulikwenda thieta, wodi ya watoto wachanga na jokofu la damu. Wankyo alimkimbilia fundi. Fundi alimwonyesha ule mshale unaotetemeka karibu na alama nyekundu akasema akiongeza hata pasi moja, litazima lote. Hakubishana naye. Watoto wachanga walikuwa kumi na mmoja mle ndani.

Kipimajoto cha inkubeta kilikuwa kimeshashuka kutoka thelathini na tano hadi thelathini na mbili. Wadudu wakipoa wangeota polepole, na maduara yasingesomeka kwa haki. Ingebidi kuanza upya, na upya maana yake ilikuwa Alhamisi.

Alitafuta chumbani kwa macho. Juu ya kabati kulikuwa na boksi la bluu la kubebea chanjo, kuta nene. Boksi lile hutunza baridi isitoke. Kwa hiyo joto pia halitatoka, aliwaza. Alikwenda jikoni hospitalini, ambako mama mpishi aliyeitwa Boke alikuwa anapika maharage ya wagonjwa kwa kuni.

"Mama Boke, naomba maji ya moto. Siyo mara moja. Mpaka umeme urudi."

"Unakoga?"

"Natunza mguu wa mtu."

Boke hakuuliza tena. Alipandisha sufuria nyingine.

Wankyo alijaza chupa nne za drip zilizotumika, akazifunga vitambaa, akazipanga ndani ya boksi, akaweka sahani katikati na kipimajoto juu yake. Alichungulia kila dakika kumi. Thelathini na saba, akatoa chupa moja. Thelathini na nne, akarudisha yenye moto zaidi. Alikuwa ameketi chini kwenye sakafu ya saruji, daftari gotini, akiandika namba na saa. Isaya alipata habari kwa Jeska, akashuka, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nifanye nini, dada?"

"Kimbiza chupa. Zilizopoa peleka kwa Mama Boke, lete za moto."

Isaya alikwenda na kurudi kati ya jiko na maabara mchana kutwa. Mara moja tu aliuliza, akiwa ameshika chupa kwenye mikunjo ya koti lake, "Na kama hakuna dawa hata moja inayowaua?"

"Basi nitamwambia daktari hivyo hivyo," Wankyo alisema. "Na wewe nitakuambia."

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro. Tangu sahani ziingie kwenye boksi, kipimajoto hakikushuka chini ya thelathini na nne wala kuvuka thelathini na saba. Wankyo alirudisha sahani kwenye inkubeta, akafunga daftari.

Jumatano asubuhi alifika kabla ya wafagizi. Alinawa mikono, akavaa glavu, akatoa sahani ya kwanza na kuishika kwenye mwanga wa dirisha. Chakula chote kilikuwa kimegeuka kijani. Kipande cha sindano ya kwanza: wadudu mpaka kwenye karatasi. Cha sindano ya pili: mpaka kwenye karatasi. Cha tatu, kiduara chembamba kisichotosha. Cha nne, hakuna duara kabisa.

Aliweka ile chini, akashika ya pili.

Kule kulikuwa na maduara mawili. Makubwa, safi, yenye kingo kama zilizokatwa kwa kikombe. Alichukua rula. Amikasini, milimita ishirini na moja. Seftazidimu, ishirini na nne. Alifungua jedwali la vipimo akalinganisha, akafunga, akapima tena toka mwanzo kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Ishirini na moja. Ishirini na nne. Alipima na sahani ya tatu, ile ya wadudu wanaojulikana anaowapima kila mara ili kuhakikisha vipande vyake havijachoka. Navyo vilisoma vilivyotakiwa.

Hapo ndipo alipoketi, akacheka peke yake kwa sauti ndogo.

Daktari Alfonsi alisoma karatasi amesimama kwenye korido. Alisoma mara mbili. "Hizi zote mbili tulizomchoma," alisema, "hazifanyi kitu."

"Hazifanyi kitu."

"Amikasini tutaitoa wapi? Sijawahi kuiandika hapa."

Wakaenda kwa Abraham, mfamasia. Abraham alifungua kabati la mwisho, akasogeza maboksi, akatoa mawili yenye vumbi. "Zililetwa mwaka jana na hakuna aliyeziomba. Zinaisha muda miezi miwili ijayo. Nilikuwa naandaa fomu ya kuziteketeza."

Daktari alizishika mkononi, akafuta vumbi kwa kidole. Kutoka kabati lile hadi kitanda cha nne hazikuwa hatua hamsini.

Seftazidimu haikuwepo. Abraham alipiga simu Musoma yote, kisha akapiga Bunda, na huko famasia moja ikasema inazo chupa kumi na nane. Isaya alitoka kabla simu haijakatwa. Saa tisa alasiri alikuwa amerudi, shati limelowa jasho, ameshikilia boksi kwa mikono miwili kama yai.

Amikasini ya kwanza ilikuwa imeshaingia saa tano. Wankyo alipima figo za Kulwa ili dawa isije ikaziumiza, akaandika atapima tena kila siku ya pili. Daktari Alfonsi alikwenda kitandani, akachukua ile karatasi ya ridhaa.

"Sijaifuta Alhamisi," alimwambia Kulwa. "Nimeisogeza mpaka Jumamosi. Nitakuja kukuangalia kila baada ya saa sita. Ukizidiwa nitakata, hata kama ni katikati ya misa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Kulwa alisema. "Leo umeniuliza."

Alhamisi asubuhi, saa ileile ambayo angekuwa thieta, homa ilisoma thelathini na tisa. Daktari alikunja uso. Jioni ilisoma thelathini na nane na nusu. Ijumaa Jeska alifungua bandeji, akanusa, akainama akanusa tena, akamwita mwenzake aje anuse. Ile harufu tamu haikuwepo. Jumamosi Kulwa aliomba ugali na samaki, akala, akaomba tena, na kipimajoto kikasoma thelathini na saba na pointi moja. Jeska alikipeleka chumba cha daktari badala ya kuandika tu kwenye chati. Alitaka akione.

Daktari Alfonsi alikiangalia, akakirudisha. Kisha akachana karatasi ya ridhaa vipande vinne.

Jumatatu iliyofuata, kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya madaktari na wauguzi wote, alisimama akaongea kwa ufupi kama kawaida yake. "Nilikuwa nakaribia kukata mguu mzima wa mama mwenye miaka thelathini na minne kwa sababu sikurudia sampuli. Kosa ni langu. Kuanzia leo, kidonda kisichopona siku tano, kabla hujabadilisha sindano, sampuli iende kwa Wankyo. Itoke ndani. Na akisema mbovu, rudia." Akaketi. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, na chumba chote kikafuata, na Wankyo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, hakujua aangalie wapi.

Wiki tatu baadaye Kulwa alipandikizwa ngozi kutoka pajani, nayo ikashika. Siku ya kuruhusiwa, Isaya akiwa anafunga mizigo, yeye alishuka maabara mwenyewe kwa magongo, ngazi moja moja, akikataa kushikwa.

"Nimekuja kuwaona," alimwambia Wankyo.

"Kina nani?"

"Waliokuwa wananila."

Wankyo alivaa glavu, akatoa kwenye jokofu sahani iliyofungwa kwa utepe kuizunguka yote. Hakumpa mkononi, alimshikia kwenye mwanga wa dirisha. Kulwa alisogeza uso, akaangalia ile rangi ya kijani, kisha yale maduara mawili safi.

"Hapa ndipo walipokufa?"

"Hapo."

"Wadogo hivi." Alitikisa kichwa. "Na wangenipeleka nyumbani nusu. Sasa unawaweka wa nini?"

"Nilikuwa nawatunza kwa ajili ya kumbukumbu. Leo nawachemsha. Mvuke wa moto, dakika ishirini, hakuna anayebaki."

Kulwa aliangalia huku na huku, akaona kiti cha plastiki, akakisogeza kwa gongo mpaka mbele ya mtungi wa mvuke uliokuwa pembeni. Aliketi, akanyoosha mguu wake wa kulia mbele yake, akauweka sawa.

"Washa," alisema. "Gari la Bunda linaweza kusubiri."

Wankyo alitia sahani ndani, akakaza vifungo vya mfuniko, akawasha. Wakakaa wote wawili wakisikiliza maji yakianza kuchemka.